Kupeana mkono (Bukoba na Muleba)

Kupeana mkono ni sehemu ya salamu ambapo watu wawili hushikana viganja vya kulia. Kwa Wahaya wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, salamu ya heshima haianzi na mkono. Hutangulia goti au mgongo ulioinama, likaja neno, ndipo mkono ukafuata, na wa kuutoa ni mkubwa.

Utaratibu huu ulionekana wazi zaidi katika tawala za kale. Mbele ya Mukama, yaani mtawala, awe wa Ihangiro, ambayo leo imo Muleba, au wa Kyamtwara upande wa Bukoba, raia alipiga magoti na kumwamkia kwa neno la heshima, *waitu*. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini goti lilibaki majumbani. Binti humpigia goti baba mkwe, shangazi na jirani mzee. Mjini mara nyingi hukunja magoti kidogo tu, kisha akaendelea na safari.

Mkono nao una adabu zake. Hutolewa wa kulia, na anayetaka kuonyesha heshima huushika kwa mkono wa kushoto karibu na kiwiko. Haubanwi kwa nguvu wala haukatizwi upesi. Wazee huweza kushikana wakaulizana hali ya watoto, migomba na wagonjwa kabla ya kuachiana. Mama anayemenya ndizi, vidole vikiwa vimeganda utomvu, hamnyimi mgeni salamu: hukunja kiganja na kumpa kifundo cha mkono, naye mgeni hukishika hichohicho. Mgeni akishaketi huletewa *akamwani*, buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune. Hupokea kwa mkono wa kulia au kwa viganja vyote viwili.

Msibani hutolewa mkono wa pole, kwa sauti ya chini, bila maswali mengi.

Ofisini, kijana huanza na "Shikamoo", akajibiwa "Marahaba", kisha akangoja mkubwa anyooshe mkono. Mwanamume naye husubiri mwanamke atangulie. Baadhi ya Waislamu hawashikani mikono na wasio maharimu wao. Kiganja kifuani na neno jema hutosha, na hapo hakuna aliyedharauliwa.

Maradhi nayo yameipima salamu hii. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Hofu iliwafanya watu wengi wawakwepe wagonjwa, ingawa virusi hivyo haviambukizwi kwa kupeana mkono. Kumshika mgonjwa mkono kulimwonyesha kwamba bado ni mtu miongoni mwa watu.

Marburg ilidai kinyume chake. Ugonjwa huo, uliotangazwa Machi 21, 2023 katika Wilaya ya Bukoba, huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Watu tisa waliugua na sita wakafariki kabla ya mlipuko kutangazwa kwisha Juni 2. Katika hali kama hiyo viganja hukaa mbali, lakini anayemwamkia mzee bado ana goti lake na *waitu* yake, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.