"Ni" na "Natamani": Historia ya Kusikilizwa kwa Kauli ya Mtoto Kuhusu Jinsia Yake

Katika taaluma ya lugha imezoeleka kuichukua kauli ya mtoto kuwa ushahidi. Mtaalamu anayechunguza namna mtoto anavyojifunza lugha huandika kila asemalo mtoto huyo, hata lile linaloonekana kuwa kosa, kwa sababu ndani ya kosa hilo mna sarufi ya mtoto mwenyewe. Katika fani nyingine za elimu desturi hii haikuota mizizi mapema. Kwa muda mrefu, mtoto aliyesema kwamba yeye si mvulana kama alivyoitwa, au si msichana kama alivyoandikiwa alipozaliwa, alitazamwa kuliko alivyosikilizwa. Kilichopimwa aghalabu kilikuwa mwendo wake, michezo yake na nguo alizozipenda.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi kauli ya mtoto wa aina hiyo ilivyopuuzwa, ilivyoshindaniwa, na hatimaye ilivyofanywa kigezo, tangu mwaka 1955. Sehemu kubwa ya historia hiyo ilitukia Marekani na Uholanzi, lakini swali lake linawahusu wasemaji wa Kiswahili pia. Itadhihirika kwamba kiini cha swali hilo ni cha kilugha: ni tofauti iliyopo baina ya kusema "mimi ni" na kusema "natamani kuwa".

Neno lililotoka katika sarufi

Neno la Kiingereza gender lilikuwa, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, neno la wanasarufi. Asili yake ni Kilatini genus, yaani aina, na ni ndugu wa Kigiriki genos. Kutokana na neno hilo la Kigiriki Waarabu walipata jins, na Waswahili wakapata jinsi na jinsia. Kwa hiyo maneno mawili yanayoonekana kuwa mbali sana yametoka katika ukoo mmoja, ukoo wa kuainisha.

Mwaka 1955 John Money, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alilitoa neno hilo katika sarufi na kulitia katika utabibu. Alikuwa akichunguza watoto huntha, yaani waliozaliwa na viungo visivyobainika kuwa vya kiume wala vya kike. Money alidai kwamba kujihisi mwanamume au mwanamke ni jambo linalopatikana katika miaka ya mwanzo ya maisha, na akalilinganisha na kujifunza lugha ya mama. Kama vile mtoto anavyoipata lugha ya wale wanaomlea, ndivyo atakavyoipata jinsia wanayomlea kwayo.

Ulinganisho huo ulivutia, na hatimaye uliwekwa katika mtihani mzito. David Reimer, mmoja wa pacha wawili wa kiume waliozaliwa mjini Winnipeg, Kanada, mwaka 1965, aliharibiwa uume wake katika ajali ya tohara. Kwa ushauri wa Money alipasuliwa kabla ya kutimiza miaka miwili, akapewa jina la kike na kulelewa kama msichana. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja kuwa ushahidi wa kufaulu kwa nadharia hiyo. Lakini mtoto mwenyewe aliyakataa malezi hayo tangu utotoni. Mwaka 1980, alipoelezwa ukweli akiwa na umri wa miaka 14, alirudia kuishi kama mvulana. Ulimwengu wa wataalamu haukuelezwa mwisho wa habari hiyo hadi mwaka 1997, Milton Diamond na Keith Sigmundson walipoichapisha. Reimer alijiua mwaka 2004.

Reimer hakuwa mtoto wa aina inayojadiliwa hapa. Jinsia aliyoihisi ilikuwa ile aliyozaliwa nayo. Hata hivyo kisa chake kinafunza jambo moja kubwa. Mtoto alisemeshwa kwa lugha ya usichana kwa zaidi ya miaka kumi, na bado hakuipokea kuwa yake. Ikiwa malezi hayakuweza kumfanya msichana, basi ni vigumu kushikilia kwamba malezi peke yake ndiyo yanayomfanya mtoto mwingine kusema asichotarajiwa kukisema.

Vipande vya rangi

Katika miaka ya 1970 jibu lililotolewa kwa watoto hao katika baadhi ya vyuo vya Marekani lilikuwa kuwarekebisha. Mwaka 1974 George Rekers na Ole Ivar Lovaas, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, walichapisha taarifa ya mvulana aliyekuwa bado hajatimiza miaka mitano walipoanza kumtibu. Nyumbani aliwekewa utaratibu wa vipande vya rangi mbili. Alipofanya mambo yaliyohesabiwa kuwa ya kiume alipata kipande cha buluu, ambacho kilimletea tuzo. Alipofanya ya kike alipata chekundu, ambacho kilimnyima tuzo au kumletea kipigo cha baba. Taarifa ilitangaza kwamba mtoto amepona. Baada ya miaka mingi jamaa zake walieleza hadharani kwamba alikua akiwa mtu mwenye huzuni nyingi, na kwamba alijiua mwaka 2003.

Kwa mtazamo wa mtu wa lugha, utaratibu huo ulikuwa wa kumfundisha mtoto kunyamaza. Kilichohesabiwa kilikuwa matendo yanayoonekana. Na mtoto mwenye akili hujifunza upesi kuficha yale yanayomletea kipigo. Ukimya wake ukaandikwa kuwa uponyaji.

Kauli katika kitabu cha waganga

Mwaka 1980 Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, katika toleo la tatu la mwongozo wake wa uainishaji, kiliwapa watoto hao kwa mara ya kwanza jina la maradhi: walihesabiwa kuwa na kasoro ya utambulisho wa kijinsia. Katika toleo la nne, la mwaka 1994, dalili tano ziliorodheshwa, na mtoto alihitaji kuwa na nne tu. Dalili mojawapo ilikuwa kusema mara kwa mara kwamba anataka kuwa wa jinsia nyingine, au kusisitiza kwamba ndivyo alivyo. Nyingine zilihusu mavazi, michezo ya kuigiza, michezo ya kawaida na marafiki. Maana yake ni kwamba mtoto aliweza kupewa jina hilo bila kusema neno lolote kuhusu jinsia yake. Ilitosha apende vitu ambavyo watu wazima hawakuvitarajia kwake.

Mchanganyiko huu wa watoto wa aina mbili, wale waliosema na wale waliocheza tu, ulitatiza utafiti wote. Mwaka 1987 Richard Green alichapisha matokeo ya uchunguzi wa miaka mingi wa wavulana waliokuwa na mwenendo wa kike. Kati ya 44 aliowafuatilia hadi ukubwani, wengi walikuwa wanaume waliowapenda wanaume, na mmoja tu ndiye aliyeelekea kutaka kuishi kama mwanamke. Matokeo hayo yalitumiwa kudai kwamba watoto wote wa namna hii "huacha". Lakini Green alikuwa amewachagua kwa mwenendo wao. Huenda baadhi yao hawakuwa na la kuacha, ikiwa hawakuwa wamedai kuwa wasichana.

Katika toleo la tano, la mwaka 2013, mambo yalibadilika. Neno "kasoro" liliondolewa, na jina jipya likataja dhiki anayoipata mtoto. La muhimu zaidi, hamu kubwa ya kuwa wa jinsia nyingine, au msisitizo wa mtoto kwamba ndivyo alivyo, ilifanywa kuwa sharti ambalo haliwezi kukosekana. Shirika la Afya Duniani nalo, katika uainishaji wake wa kumi na moja uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliitoa hali hii katika sura ya maradhi ya akili, na likatamka kwamba mwenendo na mapendeleo peke yake si msingi wa kumpa mtoto jina hilo.

"Ni" na "natamani"

Ushahidi mwingine uliolipa neno la mtoto uzito ulitoka Uholanzi. Mwaka 1987 Peggy Cohen-Kettenis alifungua mjini Utrecht kliniki ya watoto na vijana wa aina hii, ambayo baadaye ilihamia Amsterdam. Desturi ya kliniki hiyo ilikuwa kusubiri na kutazama. Mwaka 2011 Thomas Steensma na wenzake walichapisha mahojiano na vijana 25 waliokuwa wamefika hapo utotoni. Wale ambao hisia zao zilidumu walieleza kwamba utotoni walijiona kuwa ni wa jinsia nyingine. Wale ambao hisia zao zilififia walieleza kwamba walijiona wavulana wenye tabia za kike, au wasichana wenye tabia za kiume, ambao walitamani tu wangekuwa wa jinsia ile. Mwaka 2013 uchunguzi wa vijana 127, ambao 47 kati yao hisia zao zilidumu, ulionyesha tena kwamba kauli ya namna hiyo utotoni ilikuwa miongoni mwa ishara za kudumu. Uchunguzi huo umelaumiwa kwa kuwahesabu baadhi ya wasiorudi kliniki kuwa wameacha. Hata hivyo tofauti yenyewe ya kauli haikufutwa na lawama hiyo.

Msomaji wa Kiswahili ataitambua tofauti hiyo mara moja. "Mimi ni msichana" ni sentensi ya kishirikishi, inathibitisha hali. "Natamani kuwa msichana" inataja shabaha ambayo haijafikiwa. "Ningekuwa msichana" inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa kiambishi -nge- hukiri kwamba jambo halivyo. Mtoto wa miaka mitano huanza kuzitofautisha sentensi hizi bila kufundishwa na mtu. Anayemsikia na kuzichukua zote kuwa moja amekosea kama mtafsiri anayefuta hali ya kitenzi.

Maana ya kumuunga mkono mtoto

Mwaka 2013 Kristina Olson alianzisha Marekani uchunguzi wa watoto ambao wazazi wao walikuwa wamewakubalia jina, mavazi na viwakilishi walivyovitaka. Katika taarifa ya mwaka 2016, watoto 73 wa umri wa miaka 3 hadi 12 hawakuonekana kuwa na huzuni kuliko watoto wengine, na wasiwasi wao ulizidi kidogo tu. Taarifa ya mwaka 2022 ilihusu watoto 317; kiasi cha miaka mitano baada ya kukubaliwa, asilimia 94 walikuwa wangali wakijitambulisha hivyo, na asilimia 2.5 walikuwa wamerudia jinsia waliyoandikiwa. Yafaa ikumbukwe kwamba hawa walikuwa watoto wa wazazi waliokwisha kuwakubali, na wengi wao walikuwa wa aina ya "ni".

Mambo mawili hayana budi kutenganishwa. Kwa mtoto ambaye hajafikia balehe hakuna dawa inayotolewa. Msaada wake ni maneno, mavazi na utulivu wa nyumbani. Mjadala wa dawa za kuahirisha balehe unawahusu waliokwisha kuianza, na umekuwa mkali. Finland mwaka 2020 na Sweden mwaka 2022 zilipunguza matumizi yake. Uingereza, ripoti ya Hilary Cass ya mwaka 2024 iliuona ushahidi wake kuwa dhaifu, ikashauri pia kwamba hata mabadiliko ya jina na mavazi kwa watoto wadogo yafanywe kwa hadhari. Hadhari ni neno la busara. Lakini si jina jingine la ukimya, wala ripoti hiyo haikuurudisha utaratibu wa vipande vyekundu.

Kiswahili na masikio yake

Kiswahili humtaja mtu katika ngeli ya A-WA bila kuuliza jinsia yake. "Yeye", "amekuja", "mtoto wangu": hakuna hata kimoja kinachomlazimisha mzazi kuchagua. Mgogoro wa viwakilishi unaozisumbua nyumba za Ulaya na Marekani hauwezi kutokea hapa kwa sura ile ile. Lakini isidhaniwe kwamba lugha yetu haina upande. Jinsia inakaa katika majina ya watu, katika kaka na dada, mjomba na shangazi, na katika sare ya shule. Katika maneno hayo ndimo mtoto atakamokataa au kukubali, na ndimo atakamosikika.

Msamiati wa kumtaja mtoto huyu bado una utata. Wengi humwita huntha, ilhali huntha ni neno la mwili. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa namna hiyo, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikamtambua mtoto huntha. Mtoto wa makala haya ni mwingine. Wengine husema "aliyebadili jinsia". Neno hilo linabeba dai ambalo mtoto mwenyewe hakulitoa, kwa kuwa asemaye "mimi ni" hasemi kwamba amebadilika. Na uwanjani mwa shule hutupiwa neno shoga, ambalo kwa asili ni mwito wa urafiki baina ya wanawake, na ambalo sasa hutumika kutaja matamanio yasiyomhusu kabisa mtoto wa miaka mitano.

Kwamba maandishi ya utotoni humfuata mtu lilidhihirika katika Mahakama Kuu mjini Nairobi mwaka 2014. Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la kiume, alidai cheti chenye jina analoishi nalo. Mahakama iliamuru Baraza la Mitihani la Taifa limpe cheti kipya chenye jina hilo, kisicho na alama ya jinsia. Shauri hilo lilikuwa la mtu mzima, lakini karatasi iliyobishaniwa iliandikwa alipokuwa mwanafunzi.

Historia hii yaonyesha kwamba watu wazima walikosea zaidi pale walipodhani wanamjua mtoto bila kumsikiliza, iwe ni kwa nadharia ya malezi, kwa vipande vya rangi, au kwa orodha ya michezo. Wenye taaluma ya lugha wana mchango wao hapa. Kazi ya kwanza ni kuunda msamiati usiomsingizia mtoto maradhi, wala mwili asio nao, wala tamaa asiyoijua. Kazi ya pili ni ya zamani zaidi, nayo ni kuiandika kauli ya mtoto kama ilivyotamkwa, "ni" ikabaki "ni", na "natamani" ikabaki "natamani", kabla mtu mwingine hajamsemea.