Mbaraka Mwinshehe: Rumba, Dansi au Masika?

Muziki wa Mbaraka Mwinshehe una majina mengi kuliko bendi alizopigia. Wapo wanaouita rumba, wapo wanaosema ni dansi. Wazee wa Morogoro hutaja mitindo ya likembe na masika, na redio nyingi za leo huupiga katika vipindi vya zilipendwa. Ubishi huu haujaisha, ingawa mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34.

Jina lililo rahisi kuliondoa ni jazi. Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, lakini bendi hiyo, sawa na Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz na Western Jazz, haikuwa ikipiga jazi ya Wamarekani weusi. Enzi za ukoloni, kujiita jazi kulitangaza kwamba bendi ina magitaa na tarumbeta, na kwamba wanachama wake ni watu wa mjini.

Rumba ina hoja nzito zaidi. Kuanzia miaka ya 1930, santuri za Kuba za mfululizo wa GV zilienea Afrika, na nyingi zilizoitwa rumba kwa kweli zilikuwa na muziki wa son. Morogoro iliupokea muziki huo mapema: mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha Cuban Marimba, bendi iliyokuja kuwa mpinzani mkubwa wa Morogoro Jazz mjini humo. Baadaye zikaja santuri za Kongo, na gitaa la Franco Luambo likawa kipimo cha kila mpiga solo wa Afrika Mashariki. Mbaraka alilinganishwa naye mara nyingi, na kwa haki. Anayesema rumba hajakosea kuhusu asili.

Tatizo linaanza pale muziki unaposikilizwa wenyewe. Wimbo wa aina yake una sehemu mbili. Ya kwanza hutembea polepole, maneno ya Kiswahili yakisimulia kisa chenye mwanzo na mwisho: shida ya fedha, masimango ya ndugu, mapenzi yaliyovunjika. Gitaa la solo hujibu kila mstari kama mwimbaji wa pili. Kisha huja chemko: uimbaji hupungua, ridhimu hukaza, na solo hushika kipande kifupi na kukirudia huku likikigeuza kidogo kidogo. Mpangilio huo umetoka Kongo, lakini uzito umehama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Kinshasa, wakiongozwa na bendi ya Zaiko Langa Langa, waliacha tarumbeta na kuifanya sebene, jina lao la chemko, kuwa kiini cha wimbo. Bendi za Tanzania zilibaki na midomo ya bata (saksafoni), na kisa kikabaki ndicho kinachoubeba wimbo.

Masika ni jambo jingine. Mbaraka alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, alihitaji mtindo wa kuitambulisha bendi mpya, kwa kuwa likembe ilikuwa ya bendi ya zamani. Kila bendi ilikuwa na wake: NUTA Jazz walikuwa na msondo, na Mlimani Park, iliyoundwa 1978, ilichukua sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo. Mtindo ulibeba mapigo na namna ya kucheza, lakini zaidi ulikuwa nembo ya biashara. Kuufanya aina kamili ya muziki ni kuupa mzigo usiouweza.

Siasa nayo iliingia. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa kuonekana wa kigeni, ilhali bendi zenye asili ya Kuba na Kongo ziliendelea kupiga. Zilikwishahesabiwa kuwa za nyumbani. Morogoro Jazz hata ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo 70.

Hivyo dansi ndilo jina linaloufaa zaidi muziki wa Mbaraka, na rumba ibaki kuwa jina la ukoo. Nairobi hali ni tofauti kidogo. Santuri za Mbaraka zilitolewa huko, na wimbo wake Shida uliuzwa sana Kenya katika soko moja na nyimbo za Wakongo na za Simba Wanyika, bendi ya Watanzania waliohamia huko. Katika soko hilo, jina rumba liliwatosha wote.