Njia ya Usiku Kwenda Harpers Ferry

Gari la kumwaga chumvi lilikuwa limetutangulia, ndiyo maana tulifika. Barabara ya Chestnut Grove, upande wa Maryland, ni nyembamba na ina kona za ghafla, na Januari hii theluji ilikuwa imelundikwa kando hadi usawa wa taa za gari. Shemeji, aliyekuwa akiendesha, alikuwa amezima redio tangu tulipoacha barabara kuu. Hakusema kwa nini. Alishika usukani kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Tulisimama mbele ya shamba la Kennedy. Nyumba yenyewe ni ndogo, ya magogo juu ya msingi wa mawe. Nilimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, nikabaki naitazama nikijaribu kuwapanga watu ndani yake. Julai 1859 ilipangishwa kwa mzee mmoja aliyejiita Isaac Smith. Jina lake la kweli lilikuwa John Brown, mpinga utumwa aliyekuwa akisakwa kwa damu aliyomwaga Kansas. Vijana wake walikuja mmojammoja, wakajazana darini mchana kutwa, wakishuka usiku kunyoosha miguu. Binti yake Annie, wa miaka 15, ndiye aliyekaa barazani kuangalia nani anakuja. Jirani yao mmoja, mama Huffmaster, alikuwa na tabia ya kutokea bila hodi. Kila mtaa unaye.

Jumapili tarehe 16 Oktoba, saa mbili usiku, waliondoka. Brown alipanda gari la farasi lililobeba mikuki. Watu 18 wakamfuata kwa miguu, wawiliwawili, kimya. Watatu walibaki kulinda silaha nyingine. Kati ya wote 22, weusi walikuwa 5.

Kutoka pale hadi kwenye daraja la Harpers Ferry ni kama kilomita 8. Nilikuwa nimejiapiza kuzitembea zote. Nilitembea moja na nusu. Theluji ilinijaa viatuni ikayeyuka, soksi zikawa maji, na shemeji alikuwa akinifuata polepole nyuma huku taa za tahadhari zikiwaka. Mwishowe alishusha kioo.

"Shemeji, wenzio walikuwa na sababu. Wewe ingia garini."

Niliingia.

Barabara inateremka, kisha mto unakutokea ghafla. Potomac na Shenandoah hukutana hapo chini ya majabali; siku ile kingo zilikuwa barafu tupu na katikati maji yakipita meusi kama lami. Daraja la mbao walilolivuka lilikuwa na paa, na lilibeba reli pamoja na magari ya farasi. Halipo tena. Nguzo zake za mawe ndizo zimebaki mtoni, kila moja na kofia yake ya theluji. Sisi tulivuka kwa njia ya miguu iliyo ubavuni mwa reli ya leo, tukatokea mjini.

Mji huu una wakazi wasiofika 300, na karibu sehemu yake yote ya chini ni hifadhi ya taifa. Zamani serikali ya Marekani ilitengeneza bunduki hapa kwa nguvu ya maji ya mto, na Brown alizitaka bunduki hizo: ateke ghala, watumwa wa jirani wamjie, kisha wapande milimani. Kuteka hakukumsumbua. Kilichofuata ndicho kilichomshinda.

Wa kwanza kupigwa risasi alikuwa Heyward Shepherd, mpagazi wa mizigo wa reli, mtu mweusi, tena huru. Treni ilikuwa imesimamishwa baada ya saa saba usiku, naye akaenda kutazama kuna nini. Mwaka 1931 vyama vya kizazi cha waliopigana upande wa Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilimsimamishia jiwe. Nililipangusa theluji kwa glavu ili nilisome. Linamtaja kuwa mtu huru, kisha linageuka kuwasifu maelfu ya weusi kwa uaminifu wao miaka ya vita hivyo. Sijui ni nani aliyeona mambo hayo mawili yanakaa pamoja.

Hatua chache tu kutoka hapo ndipo ilipo ile inayoitwa ngome ya Brown. Ngome gani? Ni banda la matofali la pampu za zimamoto, na milango yake ni mitatu. Humo alizingirwa hadi asubuhi ya tarehe 18, askari wa majini chini ya Kanali Robert E. Lee walipobomoa mlango kwa kuutwanga na ngazi. Banda hilo limesafiri kuliko wengi wetu. Lilifunguliwa tofali kwa tofali mwaka 1891, likapelekwa Chicago kwa maonyesho ya 1893, likarudi kukaa shambani, baadaye likahamia Chuo cha Storer, shule ya watu weusi. Mwaka 1968 ndipo liliporejeshwa mjini, karibu na lilipokuwa, kwa kuwa mahali penyewe pamefukiwa na tuta la reli. Lilipokuwa shambani, Agosti 1906, mwanazuoni mweusi W. E. B. Du Bois na wenzake walivua viatu wakaliendea pekupeku, kwa heshima. Niliwaza soksi zangu nikaona haya.

Lakini aliyenileta mimi huku si Brown. Ni Dangerfield Newby, mwanamume aliyekwisha kuwa huru, wakati mkewe Harriet na watoto wao wakiwa bado watumwa katika mji wa Brentville, Virginia. Alikuwa akikusanya fedha za kuwakomboa. Barua za Harriet zilimsihi afanye haraka, maana bwana wake alihitaji fedha na angeweza kumuuza. Newby alikuwa wa kwanza kufa kati ya watu wa Brown. Maiti yake ilikatwakatwa na kuachiwa nguruwe kwenye kichochoro ambacho mpaka leo kinaitwa cha Nguruwe. Barua alikutwa nazo. Harriet aliuzwa Louisiana.

Tulisimama kwenye kichochoro hicho. Kwenye theluji palikuwa na nyayo za paka tu. Shemeji alitoa simu, akaandika Brentville.

"Haifiki saa moja na nusu," alisema, akanionyesha ule mstari wa bluu.