Ngoma, Uani na Kadi: Uenezaji wa Ujumbe wa TANU kwa Gharama Ndogo, 1954–1961

Historia ya harakati za uhuru wa Tanganyika imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutokana na karatasi: magazeti, barua za maofisa wa kikoloni na hukumu za mahakama. Makala haya yanadai kuwa utegemezi huo umeififisha njia ya uenezi iliyotumia fedha kidogo kuliko zote, yaani mitandao ya wanawake wa mjini. Njia hiyo haikuacha stakabadhi, na kwa sababu hiyo imehesabiwa kuwa pambo la harakati badala ya kuwa mhimili wake.

TANU ilipoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, redio ilikuwa mikononi mwa serikali, wananchi wengi hawakujua kusoma, na watumishi wa serikali walizuiwa kujiunga na chama. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea Tanganyika, aliuliza kuhusu tawi la wanawake. Jukumu la kulijenga likamwangukia Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuanza kwa kuchapisha tangazo. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, nao wakawafikishia wenzao habari. Susan Geiger, aliyekusanya simulizi za wanawake hao, anaeleza kuwa kufikia Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi.

Mafanikio hayo yana sababu tatu. Kwanza, vikundi vilikwisha kuwa na viongozi, michango na desturi ya kuitana. Chama hakikulazimika kuunda muundo mpya. Pili, mpeleka habari alijulikana: ndiye aliyekuja kwenye msiba na arusi, na neno lake lilikuwa na dhamana. Tatu, Kiswahili kiliwaunganisha wanawake wa makabila mbalimbali, na kilikuwa na msamiati wa udugu tayari. TANU ilipoeneza matumizi ya neno “ndugu” katika siasa, ililitoa katika maisha ya kila siku, halikuhitaji mfasiri.

Linganisha na karatasi. Sauti ya TANU, jarida dogo lililoanza mwaka 1957, nalo lilikuwa la gharama ndogo. Hata hivyo, maandishi yana mwandishi, na mwandishi hushtakiwa. Mwaka 1958 Julius Nyerere alitiwa hatiani kwa makala yake katika jarida hilo, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mwaka 1957 alikuwa amekwisha kuzuiwa kuhutubia mikutano ya hadhara. Jukwaa liliweza kufungwa na jarida kushtakiwa; mazungumzo ya uani hayakuwa na mlango wa kutia kufuli.

Hata hivyo, tusiseme kuwa njia hiyo ilikuwa ya bure. Chama kiliokoa fedha kwa sababu wanawake walilipa kwa muda wao, kwa jina lao jema na, kwa baadhi yao, kwa utulivu wa ndoa. Gharama haikutoweka, ilihamishwa kutoka daftari la chama hadi nyumbani kwa wanachama. Mtafiti anayepima uenezi kwa fedha pekee atakosea hesabu hiyo.

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika uliundwa mwaka 1962 ukiwa chini ya chama. Kwa mtazamo wa makala haya, hapo mwelekeo ulianza kubadilika: mkondo uliokuwa ukibeba ujumbe pamoja na maswali ya watu ukazidi kubeba maagizo.

Somo kwa washauri wa sera katika ukanda wetu linatokana na mabadiliko hayo. Mara nyingi mipango ya kuelimisha umma hutenga fedha kwa vipeperushi na matangazo, kisha hukitafuta kikundi cha akina mama ili kisambaze. Historia hii inadai mpangilio tofauti: kwanza kujua nani anaaminiwa na nani, kisha kukubali kuwa mtandao uleule utarudisha hoja ambazo mtumaji hakuzitarajia. Asiye tayari kuzisikia hoja hizo atapata wasambazaji. Wenye kuuamini ujumbe wake hatawapata.