Ueleaji wa akiba (uzamiaji)

Ueleaji wa akiba ni njia ya pili ya kumwinua mzamiaji wa kiufundi pale kibofu cha hewa cha mgongoni kinapopasuka. Chanzo cha hitaji hili ni uzito: mitungi miwili ya chuma ya lita 12, ikijazwa hadi bar 232, hubeba hewa ya karibu kilo 7, huku suti ya mpira ikibanwa na kupoteza nguvu ya kuelea kadiri mtu anavyoshuka. Suti kavu ndiyo akiba rahisi, mradi mzigo usizidi uwezo wake wa kuelea. Kibofu pacha, yaani kibofu cha pili kilichowekwa pamoja na kile kikuu, kina hatari yake: vali ikivuja, hujaa kimyakimya na kumpandisha mzamiaji kwa kasi ya hatari, ndiyo maana wengine huacha bomba lake bila kuliunganisha hadi lihitajike. Boya la ishara nalo laweza kumwinua mzamiaji, lakini ni gumu kulidhibiti, hivyo halifai kuwa tegemeo la kwanza.