Birika la Mwanafunzi

Mwaka 2007, kwenye mnada wa Sotheby's jijini New York, birika dogo la chai liliuzwa kwa dola 361,000. Ni dogo kweli, kimo chake hata shubiri hakifiki. Aliyelibuni mwaka 1924 alikuwa bado mwanafunzi. Wengi wanaotaja bei hiyo huitaja kama kilele cha mafanikio yake. Mimi naona kilele chake kilikuwa kwingine, kwenye kitu cha bei nafuu zaidi.

Marianne Brandt alizaliwa mwaka 1893 huko Chemnitz, Ujerumani. Alishasomea uchoraji na uchongaji kabla ya kujiunga na shule ya Bauhaus mjini Weimar. Shule hiyo, iliyoanzishwa na msanifu majengo Walter Gropius mwaka 1919, ilijinadi kwamba haibagui wanaume na wanawake. Maneno matamu hayo. Kwa vitendo, wanawake wengi waliomaliza mafunzo ya awali walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji. Karakana ya metali ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Brandt aliingia huko kwa sababu mwalimu wake, László Moholy-Nagy, aliona kipaji chake akamtia moyo.

Wenzake je? Miaka mingi baadaye Brandt mwenyewe alisimulia kwamba hawakumpokea kwa furaha. Walimrundikia kazi za kuchosha: kugonga metali kwa nyundo mpaka iwe vibakuli vidogo vya mviringo, kimoja baada ya kingine. Eti karakana si mahali pa mwanamke.

Sasa litazame birika lenyewe. Tumbo lake ni nusu ya mpira, kama kifuu cha nazi, limekalia vyuma viwili vilivyopishana. Mkono wake ni nusu duara ya mbao nyeusi. Kifuniko hakiko katikati. Kimesogezwa nyuma, mbali na mdomo, ili chai isichuruzike wakati wa kumimina. Ndani mna kichujio. Wala si birika la kunywesha familia nzima. Ni la kuweka chai nzito: unamimina kidogo kikombeni, halafu unaongeza maji ya moto. Kila kitu kina sababu yake. Nami nikilitazama lile tumbo, naona vile vibakuli alivyopewa agonge ili akate tamaa. Akavichukua akavifanya birika.

Ila lilikuwa na tatizo. Bauhaus ilikuwa imeshatangaza kwamba inataka sanaa na teknolojia ziungane, yaani vitu vizuri vitoke viwandani vimfikie mtu wa kawaida. Birika hili lilitengenezwa kwa mkono, na yalitoka machache tu. Mwaka huohuo wa 1924 mwanafunzi mwingine wa karakana ile, Wilhelm Wagenfeld, alipeleka taa zao kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig. Wafanyabiashara wakacheka. Kwa sura, taa zilionekana kama za mashine, rahisi kabisa. Kwa bei, zilikuwa kazi ya mkono, ghali. Kicheko kile naona kiliwafundisha kuliko medali yoyote.

Shule ilihamia Dessau mwaka 1925. Mwaka 1928 Brandt alikaimu uongozi wa karakana ileile iliyotaka kumfukuza, na kazi na viwanda ikashika kasi. Kwa ajili ya kampuni ya Körting & Mathiesen ya Leipzig, yeye na mwenzake Hin Bredendieck walibuni taa ya kuweka kando ya kitanda, iliyouzwa kwa jina la Kandem. Kofia yake ni kama kengele, inageuzwa upande unaotaka. Swichi yake ni ya kubonyeza, iko kwenye kitako, ili mwenye usingizi aipate gizani kwa kupapasa tu. Hiyo taa iliuzwa kwa maelfu. Watu walizima wakalala bila kujua jina la Brandt.

Bauhaus ilifungwa mwaka 1933, Wanazi walipokwisha kushika madaraka. Brandt, aliyekuwa ameondoka shuleni mapema, alirudi Chemnitz, na baada ya vita akafundisha kwa muda Dresden na Berlin. Alifariki mwaka 1983, miaka 24 kabla ya mnada ule.

Birika liko salama kwenye kabati za makumbusho, na linastahili. Lakini siku hizi nikisoma habari za mwanafunzi wa ubunifu aliyepewa tuzo, picha imepigwa, cheti kimeinuliwa juu, kuna swali moja ambalo jibu lake silioni kwenye habari hizo: kiwanda gani kimemwita Jumatatu inayofuata?