Jogoo Nje ya Banda: KANU na Hofu ya Kufifia Baada ya 2002

Historia ya vyama vilivyopigania uhuru barani Afrika aghalabu huandikwa hadi siku vyama hivyo vinaposhindwa, kisha kalamu huwekwa chini na yanayofuata huachiwa magazeti. Walakini ni baada ya kushindwa ndipo chama hudhihirika kilikuwa kitu gani. Makala haya yanaichunguza Kenya African National Union, yaani KANU, tangu kuondoka kwake madarakani mwaka 2002. Yanadai kwamba hofu ya kufifia iliyokiandama chama hicho haikuzaliwa mwaka huo, bali lilikuwa ni funzo ambalo KANU yenyewe ilikuwa imelifundisha taifa kwa muda wa karibu miaka 40.

Funzo hilo lilianza mapema. KADU, iliyoshindwa katika uchaguzi wa 1963, ilijivunja mwaka 1964 na viongozi wake, miongoni mwao Daniel arap Moi, wakaingia KANU. Jaramogi Oginga Odinga alipojitoa mwaka 1966 na kuiongoza KPU, sheria ilibadilishwa ili wabunge waliomfuata warudi kwa wapiga kura. Na mwaka 1969 chama chake kikapigwa marufuku. Mwaka 1982 katiba yenyewe ikatamka kwamba nchi ina chama kimoja tu. Kwa hatua hizo, kuwa nje ya serikali kulipata maana moja: kukosa na hatimaye kutoweka.

Lugha ya siasa ya zama hizo ilishuhudia jambo hilo. Neno "mpinzani", ambalo kwa asili halina ila yoyote, lilisogezwa hadi likakaa jirani na "msaliti". Chama kilisifiwa kuwa ni baba na mama. Sitiari hiyo haikuwa ya mapambo tu, kwani mwenye kutoka katika nyumba ya baba na mama ni yatima, na yatima hana urithi. Hivyo KANU iliunda msamiati ambamo hapakuwa na neno la heshima la kumwita mtu aliyeshindwa uchaguzi akabaki na msimamo wake. Siku iliposhindwa yenyewe, ilijikuta haina jina la kujiita.

Sababu ya pili ilikuwa ya kimuundo. KANU haikusimama kwa miguu yake, bali kwa miguu ya dola. Machifu walikuwa nguzo zake vijijini. Katika miaka ya 1980 vijana wa chama walidai kadi masokoni na katika vituo vya magari. Na katika mlolongo wa 1988, wapiga kura walipopanga foleni nyuma ya wagombea, maafisa wa utawala ndio waliohesabu. Hata jumba la Kenyatta jijini Nairobi lilikuwa mikononi mwa chama, hadi serikali mpya ilipolitwaa mwaka 2003. Mtegemea cha nduguye hufa maskini: dola ilipoondoka, chama kilibaki na bendera, wimbo na alama ya jogoo, lakini bila watu waliozoea kukichangia kwa hiari yao.

Kwa hesabu tu, hali ya mwaka 2002 haikuwa ya kukatisha tamaa. Uhuru Kenyatta alipata takriban asilimia 31 ya kura za urais dhidi ya 62 za Mwai Kibaki wa NARC, na KANU ikapata viti 64 kati ya 210 vilivyopigiwa kura. Kwa kiongozi rasmi wa upinzani bungeni, huo ulikuwa mtaji wa kutosha. Kilichokosekana ni imani kwamba mtaji huo ungeweza kuzaa nje ya Ikulu.

Ndipo hofu ilipoanza kutenda kazi yake. Mwaka 2005 KANU ilijiunga na kambi ya chungwa kuipinga rasimu ya katiba, na rasimu ikakataliwa kwa zaidi ya asilimia 57 ya kura. Ushindi huo haukuwa wake. Chungwa likageuka jina la harakati, harakati ikawa chama, na kufikia 2007 chama hicho kilikuwa kimemchukua William Ruto na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, ambako jogoo alikuwa akiwika bila mshindani. Wakati huohuo mgogoro wa uenyekiti baina ya Uhuru Kenyatta na Nicholas Biwott uliwagawa waliobaki. Katika uchaguzi wa 2007 kiongozi wa upinzani alimuunga mkono rais aliyekuwa akimpinga, na KANU ikaambulia viti visivyofika 20. Mwaka 2012 Uhuru Kenyatta alihamia TNA, ambayo ilimpeleka Ikulu mwaka uliofuata. Uongozi ukamwangukia Gideon Moi, ambaye mwaka 2022 alipoteza kiti chake cha useneta cha Baringo, nyumbani kwa babake.

Ikumbukwe kwamba kila hatua kati ya hizo ilichukuliwa kwa nia ya kukiokoa chama, au walau kuwaokoa viongozi wake, kutokana na baridi ya nje. Kila hatua ilizidi kukipunguza. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Je, mwisho huo haukuepukika? Mifano ya jirani haikubaliani. UNIP ya Zambia ilishindwa mwaka 1991, nayo ikadhoofika hadi ikakosa viti bungeni. Kwa upande mwingine, MCP ya Malawi ilishindwa mwaka 1994, ikakaa nje miaka 26 ikishikilia ngome yake ya Mkoa wa Kati, kisha ikarejea madarakani mwaka 2020 chini ya Lazarus Chakwera. Iliposhindwa tena mwaka 2025, haikuwa mara ya kwanza kwake kuzoea upinzani. MCP ilikuwa na historia ya ukali usiopungua ule wa KANU. Tofauti ni kwamba ilikubali kungoja.

Kungoja ndiko KANU isikokujua. Na hasara haikuwa yake peke yake. Waliotoka ndani yake waliendelea kuitawala Kenya kwa majina mengine, wakibeba tabia ileile ya kuunda chama kabla ya uchaguzi na kukitupa baadaye, ili wasipatwe wakiwa nje. Jogoo amenyamaza, lakini hofu aliyoilea ingali inawika. Mpaka neno "mpinzani" litakaporudishiwa heshima yake ya awali, katika sheria, bungeni na katika vinywa vya watu, kila chama nchini Kenya kitakachoshindwa kitajihesabu kuwa kimekufa, na kwa kujihesabu hivyo kitakufa.